Arobaini za hongo zilivyotimia Jersey

Wahenga walinena kuwa siku za mwizi ni arobaini. Lakini mwizi wa kalamu, anayeficha hongo ng'ambo, hunaswa vipi?

Jibu moja liko Jersey, kisiwa cha watu wapatao 100,000 kati ya Uingereza na Ufaransa. Huko upelelezi hauanzi kwa pingu, bali kwa karatasi. Karani wa benki akishuku chimbuko la pesa, sheria inamlazimu kuripoti. Wakuu wakikataa kutoa idhini, pesa hizo hazisongi; benki ikizilipa, yenyewe yaweza kushtakiwa. Ndipo wapelelezi hufuata nyayo: ni nani aliyetuma, kwa kazi gani, na mwenye akaunti hasa ni nani?

Sisi Wakenya tuna sababu ya kufuatilia kisiwa hicho. Mnamo Februari 2016, kampuni ya Windward Trading ilikiri katika mahakama ya Jersey mashtaka manne ya kusafisha pesa chafu kati ya 1999 na 2001. Mahakama iliambiwa kwamba kampuni hiyo ilipokea hongo kutoka kwa makampuni ya kigeni yaliyopata kandarasi za shirika letu la umeme, na kwamba mwenyewe alikuwa mkuu wa zamani wa shirika hilo. Zaidi ya pauni milioni 3.6 zilitwaliwa.

Arobaini hizo zilichukua zaidi ya miaka kumi na minne. Wakati huo wote, mzazi wa Kayole na wa Likoni alikuwa akipanga foleni kulipa bili ya stima. Ndiye aliyeibiwa.