Chuo Kikuu Kisichodai Cheti

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu twadhani chuo kikuu ni majengo tu, na mlangoni yupo karani anayedai cheti. Huko Uingereza mwaka 1969 kiliundwa Chuo Kikuu Huria, na aliyekipigania serikalini ni Waziri Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe. Masomo yalianza Januari 1971. Cheti cha shule hakikutakiwa. Vitabu vilifika kwa posta, mafunzo yakatangazwa katika redio na televisheni ya BBC, na mtu aliandika majibu yake baada ya kazi, mwalimu akayasahihisha na kumrudishia. Siku hizi mengi hupitia intaneti, hata aliye nchi nyingine husoma.

Lakini karo ipo. Mwaka 2012 serikali ilipunguza mno ruzuku ya mafundisho huko England. Karo ya masomo ya mwaka mzima ikafika pauni 5,000, na idadi ya wanaosoma huku wakifanya kazi ikashuka sana. Hao ndio hasa waliokusudiwa!

Jirani zetu Tanzania nao wanacho Chuo Kikuu Huria, kwa sheria ya mwaka 1992. Basi chama kikikaa na mwajiri, kidai karo pamoja na saa za kusoma, maana atokaye zamu ya usiku hufungua kitabu akasinzia.