Alamu ikikosa ‘mtandao’, ni mtandao upi?

MSOMAJI mmoja wa safu hii anayeishi Gitothua, mjini Ruiru, ameniletea swali ambalo kwanza nilidhani linamhusu fundi kuliko mwanaisimu. Nyumbani kwake kuna alamu isiyotumia nyaya, ile yenye kisanduku kinachotiwa laini ya simu ili mwizi akivunja mlango, kisanduku kimpigie mwenye nyumba popote alipo. Usiku mmoja mlango ulivunjwa. Alamu ililia, majirani wakaisikia, ila simu ya mwenyewe haikuita. Muuzaji akamwambia, “Hiyo haina mtandao, ongeza kredo.” Akaongeza, na bado haipigi. Sasa anauliza: huo mtandao ni kitu gani hasa?

Neno hili limetokana na kitenzi ‘tanda’, kitenzi hicho hicho kilichotupa ‘utando’ wa buibui. Siku hizi tumelitwika mizigo mingi. Mtu akiuliza “uko mtandao gani?” anataka jina la kampuni ya simu. Akisema “huku mtandao ni mbaya” anazungumzia nguvu ya mawimbi. “Nimeisoma mtandaoni” ni intaneti. Na karani wa benki akikwambia “mtandao umeanguka”, huenda ni kompyuta zao tu zimekwama. Wanasemantiki huita hali hii polisemia, na katika mazungumzo haitusumbui sana kwa kuwa muktadha hutuongoza. Kwenye alamu, muktadha hautoshi.

Sababu ni kwamba kisanduku hicho kina njia mbili za mawimbi. Ya kwanza hutoka kwenye vihisi vya mlangoni na dirishani hadi kwenye kisanduku. Ni ya masafa mafupi, aghalabu karibu na megahezi 433, na haina uhusiano wowote na Safaricom wala Airtel. Ya pili hutoka kwenye kisanduku hadi kwenye mnara wa simu, mathalani katika megahezi 900 au 1800 kwa teknolojia ya 2G. Kama alamu ililia mlango ulipovunjwa, njia ya kwanza ilikuwa nzima. Hapo ndipo fundi angeanzia, lau angeambiwa “imelia lakini haikupiga” badala ya “haina mtandao”.

Kwa njia ya pili napendekeza tuseme waziwazi: mawimbi ni hafifu, laini imefungwa, salio limeisha, au nambari iliyohifadhiwa ina kasoro. Kuyapambanua ni rahisi. Zima kisanduku, toa laini, itie kwenye simu ya kawaida, kisha usimame palepale kisanduku kilipokuwa. Simu ikikuomba nambari ya siri ya laini, huenda umepata jibu: vingi vya visanduku hivi haviwezi kuvuka hapo, basi ondoa hiyo siri. Ikionyesha kijiti kimoja cha mawimbi, hamisha kisanduku kutoka nyuma ya mlango wa chuma au chini ya mabati. Ikipiga vizuri, kagua nambari uliyokipa kisanduku, pamoja na +254 yake iwapo kinaitaka. Na ikikwambia laini haitumiki, basi tumeingia kwenye sheria.

Lakini ‘laini’ nayo ina vituko vyake. Ipo laini ya ulaini, iliyotoka Kiarabu, na ipo laini ya Kiingereza, ile tuliyonayo katika Laini Saba ya Kibera. Hizo ni homonimu, maneno mawili yaliyogongana kwa sauti. Hii ya Kiingereza nayo imegawanyika: ni kijikadi, ni nambari, ni huduma yenyewe. Kanuni za usajili wa laini zinataka kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Kampeni ya kuhakiki usajili ilipopamba moto mwaka 2022, makataa ya Aprili 15 yalisogezwa hadi Oktoba 15, na wenye simu wakatumiwa arafa za kuwaonya. Arafa inayotumwa kwa laini iliyo ndani ya kisanduku cha alamu husomwa na nani? Hakuna. Isitoshe, laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na laini ya alamu kazi yake ni kukaa kimya. Kuna pia fundi anayeisajili kwa kitambulisho chake ili amalize kazi upesi. Mbele ya sheria, laini hiyo ni yake fundi.

Tena tazama kitenzi ‘sajili’. Kwa sheria, kusajili laini ni kuifungamanisha na mtu. Kwa anayeeleza jinsi ya kuseti alamu, “sajili nambari” ni kuitia tu kwenye kumbukumbu ya kisanduku. Mtu anaweza kufanya la pili akaamini amefanya la kwanza. Kwa hili la pili, ‘hifadhi’ linatosha.

Neno linaloniudhi zaidi ni lile la dukani: “Hii imepitishwa.” Kauli ya kutendwa huturuhusu kumficha mtenda, na wauzaji wanalijua hilo. Imepitishwa na nani? Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina kibandiko chake. Kifaa kinachorusha mawimbi na kuunganishwa na minara ya simu kinahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kibandiko cha mmoja hakisimami badala ya idhini ya mwingine. Idhini hiyo ni ya aina: modeli hupimwa, na zote za modeli hiyo zikafuata. Kwa hivyo cha kusoma ni nambari ya modeli. Maneno matamu ya muuzaji weka kando.

Tusichanganye pia ‘bandia’ na ‘isiyoidhinishwa’. Mwaka 2012, Tume ya Mawasiliano, kabla ya kuitwa Mamlaka, ilizima simu bandia. Tukabonyeza *#06# kupata tarakimu 15 za utambulisho na kuzituma kwa 1555. Tanzania ilifanya vivyo hivyo mwaka 2016. Simu nyingi kati ya hizo zilipiga vizuri hadi siku ya kuzimwa. Kisanduku cha alamu nacho kina tarakimu zake 15. Kinyume chake, kisanduku halisi kilichoundiwa Marekani kwa megahezi 850 na 1900 pekee si bandia hata kidogo, ila Ruiru hakitashika mnara wowote.

Limebaki neno ‘alamu’ lenyewe. Silikatai, limeshazoeleka, lakini linafunika mambo mawili. King’ora ni chombo cha kulia: king’ora kinalia, ving’ora vinalia. Kamsa ni wito wa kuomba msaada: kamsa inapigwa, na anayepigiwa yupo. Wakikuyu wa huko Gitothua huita wito huo mbu, na msiwacheke kwa sababu ya mdudu wetu. Nyumba ya msomaji wangu ilikuwa na king’ora, kamsa haikuwapo. Na kwa kuwa kamsa hutaka mtu wa kuitika, nambari ya kwanza kwenye kisanduku ingekuwa ya jirani wa mlango wa pili au mzee wa Nyumba Kumi, kisha ndiyo ifuate ya mwenye nyumba aliye kazini Nairobi.