Bao na Vita vya Nyumba

Wiki hii, wasomaji, tuketi barazani. Ukipita Ruponda jioni ukawakuta wazee wameinamia ubao wa mashimo 32, usidhani wanapoteza wakati. Pale pana vita.

Kila mchezaji wa bao la Kiswahili huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Hatua hiyo ni namua. Mwanzoni hakuna kete zinazotazamana, hivyo anayefungua hutakata tu. Lakini akifikisha kete mbele ya nyumba ya mwenzake, ametangaza shari: mwenzake asipojihami, zamu ijayo nyumba nzima inazolewa. Ila kete hiyo hiyo ya uchokozi yaweza kuliwa kwanza. Na mstari wako wa mbele ukifagiliwa wote ilhali kete bado unazo, umefungwa mkononi. Hiyo ni aibu ya kijiji kizima.

Mbinu za kufungua sataranji zimeandikwa vitabuni karne kwa karne. Za bao, nyingi zimo vichwani mwa wazee. Kijana asipoketi nao leo, kesho atarithi ubao mtupu.