Mikoko Ikiisha, Samaki Watatoka Wapi?

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 649,931 katika Kaunti ya Kwale. Ile ya 2019 ilihesabu 866,820. Tumeongezeka kwa zaidi ya laki mbili, lakini bahari ni ile ile.

Samaki wengi, kamba na kaa hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mikoko ikikatwa ovyo kwa boriti na kuni, wachanga hukosa maficho, na mvuvi hurudi mikono mitupu.

Kwa hivyo, sheria hulinda msitu na chakula kwa pamoja. Kukata mikoko kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu Kenya (KFS). Juya limepigwa marufuku kwa kuwa huzoa hata samaki wachanga.

Ulinzi huu una faida. Gazi na Makongeni, wakazi hutunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni mwaka wa 2013. Mapato yake yamesaidia huduma za maji na shule.

Mkazi, usikate bila kibali. Ukiona juya likivutwa, arifu kamati ya BMU ya ufuo wenu. Kitoweo cha kesho kinalindwa leo.