Mlinzi wa Pampu Si Adui wa Kisima

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, ambako maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi, pampu ikinyamaza mtaa mzima huona kiu. Hata hivyo imezuka tabia isiyofaa: kifaa cha kulinda pampu kikikata umeme, hukwepwa kwa kipande cha waya, pampu ikanguruma, na fundi akashukuriwa. Nafuu hiyo haidumu. Mota huungua, na kiu hurudi maradufu.

Yafaa ieleweke kwamba kifaa hiki hakikati umeme kwa inda. Fundi na apime kwanza kwa amita. Mkondo ukiwa chini ya kawaida, mara nyingi maji ya kisima yamepungua, na pampu ya kuzama, ambayo hupozwa na maji hayo hayo, inazunguka kavu. Ukizidi kawaida, atafute mchanga uliokaba, umeme dhaifu, au fezi moja iliyopotea kati ya tatu. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo akitilie shaka kifaa chenyewe: nyaya zilizolegea, kutu, au kipimo kilichowekwa vibaya.

Tena kisiwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na hakuna kipuri cha kuiondoa.

Viongozi wahusika wawapatie mafundi amita na vipuri. Nasi wananchi tuwape subira ya kutafuta sababu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.