Bobini Ifaayo kwa Cherehani Yako

Mtu anunuapo cherehani huchunguza gurudumu, meza na sindano, lakini ni wachache waichunguzao bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachozungushiwa uzi wa chini. Hata hivyo nusu ya kila mshono hutoka kwenye bobini. Ikiwa si ya namna ipasayo, uzi hukatika mara kwa mara, vitanzi hujaa upande wa chini wa kitambaa, na pengine vyuma vya ndani huharibika. Fundi aliyepokea sare za watoto wa shule mwezi wa Januari hana nafasi ya kufumua na kushona upya, na kitambaa kilichotobolewa mara mbili hakiwi kama kilivyokuwa.

Yafaa kwanza kujua jinsi mshono unavyofanyika. Sindano hupenya kitambaa pamoja na uzi wa juu, kisha huanza kupanda. Hapo uzi hulegea kidogo ukafanya kitanzi. Ndoano iliyo chini hukinasa kitanzi hicho na kukipitisha kuizunguka bobini yote, hata uzi wa chini ukawa ndani yake. Uzi wa juu ukiisha kuvutwa, nyuzi mbili hufungana katikati ya kitambaa. Huko Marekani Elias Howe alipewa hataza ya cherehani ya nyuzi mbili mwaka 1846, naye Allen Wilson akapewa hataza ya ndoano izungukayo mwaka 1851. Tangu wakati huo cherehani zimebadilika sana, lakini kanuni ni ile ile: kitanzi hakina budi kupita kuizunguka bobini bila kuzuiwa. Bobini iliyo kubwa mno hukizuia. Iliyo ndogo mno huchezacheza ndani ya kikasha chake, na uzi hutoka mara umekaza, mara umelegea.

Namna za bobini ni nyingi, nazo hutofautiana kwa kiasi kisichoonekana upesi kwa macho. Bobini ya namba 15, inayotumika katika cherehani nyingi za nyumbani, ina upana wa milimita 20 na kitu, na kimo cha milimita 11.7 hivi; nyuso zake ni bapa. Bobini ya namba 66 yafanana nayo sana, lakini ni pana kidogo zaidi, kimo chake ni kifupi kwa nusu milimita au zaidi, na uso wake umebinuka kidogo. Iko na nyingine iitwayo L, yenye upana sawa na ile ya namba 15, ila kimo chake hakifiki milimita 9. Cherehani za kale za Singer namba 27, 28, 127 na 128 hutumia bobini ndefu na nyembamba, ambayo hutiwa katika kikasha chenye umbo la risasi.

Kwa hiyo usiende dukani ukasema tu, “Nipe bobini ya Singer.” Kampuni hiyo ilitengeneza namna nyingi. Tazama namba ya cherehani kwenye kibati chake au katika kitabu chake. Kwa mfano, cherehani ya 15K ilitengenezwa katika kiwanda cha Kilbowie, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980, nayo hutumia bobini ya namba 15. Kama kitabu kimepotea, chukua bobini ya zamani iliyokuwa ikishona vizuri, pamoja na kikasha chake, uzilinganishe hizo mbili pale pale dukani. Ziweke kando kwa kando juu ya meza, upime upana na kimo kwa rula ya milimita.

Bobini mpya ijaribu hivi. Itie ndani ya kikasha: yapasa kuingia bila kulazimishwa na kuzunguka kwa wepesi. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikwaruzwa, uzi nao utakwaruzwa. Kisha jaza uzi, uupitishe katika mwanya wa kikasha, ukining’inize kwa uzi huo. Kikasha kisishuke chenyewe. Ukitikisa mkono kidogo, kishuke kidogo na kusimama, mfano wa buibui. Kikishuka mbio, kaza skrubu yake ndogo kwa kiasi kidogo sana. Kisiposhuka kabisa, ilegeze. Jaribio hili ni kwa kikasha kinachotoka nje. Bobini inayotiwa moja kwa moja kutoka juu haijaribiwi hivyo.

Je, chuma au plastiki? Tumia ile iliyotajwa na watengenezaji wa cherehani yako. Bobini ya chuma ni imara, lakini hushika kutu ikiachwa penye unyevu. Cherehani nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa bobini za plastiki, nazo zina faida ya kuonyesha uzi uliosalia; bali zikipasuka hazifai tena. Usichanganye namna mbili katika kopo moja, maana ndiko makosa yanakoanzia.

Mwisho, bobini njema yataka kujazwa vyema. Zungusha uzi sawasawa, usivimbe upande mmoja wala usipite ukingo. Usizungushe uzi mpya juu ya mabaki ya zamani. Weka bobini kadhaa, kila moja na rangi yake, ili usilazimike kuitoa kazi njiani.

Bobini ni chombo cha bei ndogo. Ndoano iliyovunjika ni ya bei kubwa, na mteja aliyekwenda kwa fundi mwingine huenda asirudi. Basi pima kabla ya kununua, na isipoingia kwa wepesi, usiilazimishe.