Kitambulisho Chako, Laini ya Nani?

Mpakani Mutukula, kama katika mipaka yetu mingine, asiye na kitambulisho huweza kumwomba jirani amsajilie laini ya simu. Ndugu mwananchi, twakusihi usikubali. Laini hufuata jina lililosajiliwa, si mkono unaoitumia; ikifanyiwa utapeli, upelelezi utaanzia kwako. Vilevile, wakala akikutaka uweke kidole mara ya pili, muulize sababu, kwani huenda anasajili laini nyingine kwa jina lako. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 yakupa haki ya kujua taarifa zako zakusanywa kwa madhumuni gani. Namba ya siri usimpe yeyote, hata ajiitaye askari. Ukiwa na shaka, fika kituo chetu kilicho karibu nawe.